Kuni, Yawurute na Fundo la Tatu

Tangu nirudi, nikishuka tu ufukweni lazima nisikie mtu akiniita Fundo Mbili. Wiki iliyopita baharia mmoja aliniita hivyo mbele yenu, mkacheka, mkauliza jina hilo nimelitoa wapi, nami nikajibu kwamba ni habari ndefu. Basi nimekaa nikaiandika, nisije nikalazimika kuisimulia kila nikialikwa chai.

Mnamjua dada yangu Verena, anayekaa Kamembe, kule mwisho wa ziwa upande wa kusini. Binti yake Solange alikuwa anaolewa kimila Jumamosi. Solange alilelewa na mama yetu, na mama alipofariki mwaka jana aliacha mushanana mmoja, vazi la sherehe la kike, wa rangi ya chai ya maziwa, aliotoka nao Karagwe siku tuliporudi kutoka Tanzania. Solange alisema atavaa huo, la sivyo wakwe watamsubiri uani mpaka wazeeke. Pindo lilikuwa limefumuka, kwa hiyo niliuleta Gisenyi kwa fundi wa Nengo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuufikisha Kamembe kabla ya saa nne asubuhi ya Jumamosi.

Verena aliniambia nipande basi. Nikamwambia nitapita majini. Miaka ile ya kwanza baada ya kurudi, mimi na mama tulisafiri mara nyingi kwa boti za mbao, tumekaa juu ya magunia ya viazi, yeye akimenya karanga na kuniachia nusu. Nilitaka mushanana wake upite njia ile ile. Verena akasema kwenye simu, "Wewe una miaka arobaini na sita lakini miguu yako bado ina kumi na sita. Jumamosi saa nne, kaka. Si saa nne na robo."

Nengo hadi bandarini

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu nilipanda pikipiki kutoka Nengo na kufuata barabara ya ziwani hadi bandari ya Nyamyumba. Mushanana ulikuwa ndani ya mfuko wa karatasi, mfuko ndani ya begi, na begi nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Boti ilikuwa iondoke saa mbili. Saa mbili ilipofika hata vitunguu vya Nyakiriba, ambavyo ndivyo hasa vilikuwa abiria wake, vilikuwa havijafika. Nikanunua andazi na chai, nikakaa kwenye jiwe pamoja na Kazungu, baharia mwembamba mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua safari nzima. Ubavuni mwa boti palipakwa jina kwa rangi nyekundu: Umugisha, yaani Baraka. Nikamuuliza kama Umugisha itachelewa sana.

"Umugisha njo nini?" akauliza.

Nikamwonyesha maandishi.

"Aaa, ile ni ya polisi na ya makaratasi. Hapa hakuna mutu anaijua. Hii iko Kuni."

"Kuni?"

"Kuni, ndiyo. Mbao ya zamani, iko na moshi, kila mwaka banasema itaishia jikoni. Ni batu ya Yawurute baliipa."

Akanionyesha boti nyeupe ya plastiki ngumu iliyofungwa upande wa pili wa gati, safi, yenye viti na mashine mbili nyuma. Hiyo ndiyo Yawurute, kwa sababu ni nyeupe kama kopo la yawurute, ule mtindi wa dukani, na, kwa maneno ya Kazungu, ukiikanyaga vibaya inabonyea. Jina hilo ilipewa na watu wa Kuni. Ndipo nilipojifunza sheria ya kwanza ya ziwa: boti haijipi jina. Jina la rangi ni la mwenye boti, lakini jina lenyewe hutolewa na wapinzani, na ni wapinzani hao tu wanaoweza kuliondoa.

Tulikaa saa tano nzima, na Kazungu akanisomea ziwa zima. Zile boti za wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, tatu tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, ni Panzi. Ile ya chuma iliyoliwa na kutu ni Sufuria. Ya watalii, yenye paa la kitambaa, ni Mwavuli. Ile ndogo ya kasi ni Homa, kwa kuwa inakushika ghafla, inakutetemesha, halafu inakuachia na kichwa kinauma. Na ile meli mpya kubwa ya ghorofa ni Hoteli.

"Umeshaipanda?" nikamuuliza.

"Niliingia kuuliza bei ya chai," akasema Kazungu. "Nikatoka."

Rubani wa Yawurute, kijana mmoja mnene anayeitwa Innocent, alipita akiwa na miwani ya jua. Akapiga ubao wa boti yetu kwa kiganja. "Papa Neema! Leo munapika nini na hii kuni?"

Nahodha wetu, Papa Neema, mtu wa makamo aliyezaliwa upande wa Goma, alikuwa ameinama juu ya injini. Hakuinua kichwa. "Tunachemsha maziwa," akasema. "Tukimaliza tutakuletea kopo yako."

Walicheka gati nzima. Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho kilikuja kunigharimu.

Bandarini hadi Boneza

Nasema kilinigharimu kwa sababu wakati huo huo, nikiwa nimegeuka kuitazama Yawurute, Kazungu, niliyekuwa nimekwisha mkabidhi mfuko, alikuwa nyuma yangu akiufunga mushanana wa mama.

Kwenye Kuni, kitu kinachoogopa maji hakikai na abiria. Mawimbi yanaingia, na wewe mwenyewe utasinzia. Kila kitu cha namna hiyo huviringishwa ndani ya shitingi, turubai la plastiki la bluu, hufungwa kwa kamba, kisha huwekwa kwenye sanduku kubwa chini ya kiti cha nahodha. Vyote vikishafungwa vinafanana. Hawaandiki majina. Papa Neema alinieleza baadaye: wino unaogopa maji, fundo haliogopi. Kwa hiyo kamba ya mzigo wa Boneza ina fundo moja, ya Kibuye mafundo mawili, ya Kamembe matatu. Hata gizani mkono unasoma.

Kazungu alinionyesha kifurushi kilichokwisha fungwa. "Kamembe," akasema, akavuta kamba mbele ya uso wangu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Niliona kifurushi cha bluu. Sikuhesabu chochote.

Vitunguu vilifika saa sita na nusu, tukaondoka saa saba. Sitawachosha na maji na milima, mnaviona kila siku. Nitasema tu kwamba nilikaa juu ya magunia, mama mmoja muuza karoti akanipa karoti, nami nikampa karanga, na kwa saa mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Rubavu. Kisha injini ikakohoa.

Papa Neema aliizima, akafungua, akapuliza bomba kwa mdomo, akatema dizeli ziwani, akaiwasha. Ikakohoa tena. Alifanya hivyo mara nne bila kukasirika. Yawurute ikatupita ikirudi kutoka safari yake ya alasiri, na Innocent akapaza sauti, "Muongeze mkaa!" Mama wa karoti ndiye aliyemjibu, kwa Kinyarwanda ambacho sitakiandika hapa.

Tulifika Boneza giza likiingia badala ya saa kumi. Tukala viazi vya kuchemsha na sambaza za kukaanga zenye pilipili, kila mtu akichota kutoka sinia moja. Nikampigia Verena kumwambia nimefika Boneza.

"Boneza?" akasema. "Ungetembea kwa miguu ungekuwa mbele ya hapo."

Boneza hadi Kibuye

Ijumaa tuliondoka mapema, na injini ilikuwa imetubu. Tulifika Kibuye saa tano. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tukiondoka saa saba, tutapita Kirambo jioni, na alfajiri ya Jumamosi tupo Kamembe.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamuuliza Papa Neema.

"Sementi ikifika."

"Na itafika saa ngapi?"

"Bon," akasema, akafikiri kwa dhati kabisa. "Itafika."

Akavuta kofia juu ya macho, akalala. Kazungu alikuwa amepanda mlimani kutafuta mihogo. Mbele ya sanduku la nahodha kulikuwa na vifurushi viwili vya bluu, vimetolewa na kuwekwa kando. Yawurute ilikuwa imefunga hapo hapo, ikijaza abiria wa Kamembe.

Innocent aliniona nikitembea huku na huku. "We muzee, harusi iko lini?"

Nilishangaa amejuaje, lakini kwenye boti ya mbao hakuna siri; mama wa karoti alishuka Kibuye akiwa amekwisha kuwaambia wote.

"Kesho saa nne."

"Kesho saa ine, na weye uko juu ya kuni?" Akageukia abiria wake. "Huyu iko anapeleka nguo ya bibi harusi, lakini anataka ifike kwa mtoto wa bibi harusi!"

Walicheka. Mimi nilihisi joto masikioni. Niseme ukweli, marafiki: haikuwa sementi iliyonitoa kwenye Kuni. Ilikuwa kicheko kile, na sauti ya Verena kichwani ikisema si saa nne na robo. Mimi niliyejigamba njia nzima kwamba boti za mbao ndizo boti, nilishika begi langu. Nikainama kwenye vile vifurushi viwili. Kimoja kilikuwa kirefu na kigumu kama mwavuli. Kingine kilikuwa laini na kinatosha mikononi, kama cha kwangu. Kilinilemea kidogo zaidi ya nilivyokumbuka, nikadhani ni unyevu.

Papa Neema alifungua jicho moja. "Unaenda?"

"Samahani, Papa Neema. Muda."

"Hakuna samahani. Kazungu iko hapa?"

"Hayupo, lakini changu nakijua."

"Fundo ngapi?"

Nilikuwa tayari na mguu mmoja kwenye gati. Nikarudia, kwa ile sauti ya mtu anayejiona amesafiri sana, "Changu nakijua."

Akafunga jicho.

Kibuye hadi Kamembe, ndani ya Yawurute

Yawurute ni boti nzuri. Lazima niseme hivyo. Ina viti vyenye mito, haitoi moshi, na Innocent akiwa kazini ni mtu makini kabisa; haongei, haimbi, anatazama maji. Tulipita Kirambo bila kupunguza mwendo. Nilishika kifurushi changu mapajani, nikawatazama abiria wakitazama simu zao. Hakuna aliyenipa karoti. Saa kumi kasoro tulikuwa Kamembe.

Uani kwa Verena wanawake walikuwa wanachambua mchele na vijana wanafunga mahema. Verena alinikumbatia kwa mkono mmoja na kuchukua kifurushi kwa mwingine. Solange alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akakifuta kwa kanga kabla ya kukigusa. Wakakata kamba.

Ulikuwa wavu. Wavu mpya wa sambaza, wa kijani, wenye matundu madogo kiasi kwamba kwa mbali ungeweza kweli kudhani ni kitambaa. Shangazi mmoja akauinua kwa ncha mbili juu ya bega la Solange, akaupima kwa macho. "Umempendeza," akasema. "Samaki wote watakuja."

Hakuna aliyecheka. Solange alisema taratibu tu, "Mjomba, uko wapi?" Hakuwa akiniuliza mimi niko wapi. Alikuwa akiuliza mushanana wa bibi yake.

Nilipiga simu ya Papa Neema: haipatikani. Yeye huizima ili kutunza chaji, na huifunga kwenye shitingi kama vitu vingine. Baadaye tulimpata mtu wa bandari ya Kibuye. Akasema Kuni imeshaondoka. Lini? Saa tisa hivi. Na sementi? Hakujua habari za sementi.

Verena hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikwenda kwa jirani akaazima mushanana mwingine, wa buluu, mzuri, akautundika ukutani. Solange aliutazama, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Kamembe, Jumamosi

Saa kumi na mbili nilikuwa bandarini, na wavu begani kwa sababu sikujua pa kuuweka. Kwa hesabu za kawaida, boti iliyoondoka Kibuye saa tisa hushusha na kupakia Kirambo, hulala huko, na huingia Kamembe saa sita au saba mchana. Nilijua hivyo. Nilikwenda hata hivyo.

Innocent alikuwa anaosha Yawurute kwa brashi na sabuni. Aliuona wavu, akaangalia kamba iliyobaki imening'inia.

"Yebaba we," akasema. "Fundo mbili."

Nilitegemea kejeli. Hakuniletea. Alitoka, akakaa karibu nami, akauliza nguo yenyewe ikoje, nikamweleza, pamoja na Karagwe na karanga. Akavua miwani. "Donc kumbe si nguo ya duka," akasema.

"Si ya duka."

Saa mbili ikapita. Verena alipiga simu, nikasema bado. Saa mbili na nusu akapiga tena, akasema wanamvika Solange ule wa buluu. Nikasema sawa. Saa tatu kasoro dakika chache Innocent alisimama akakinga macho kwa mkono.

"Moshi," akasema.

Sikuona kitu. Kisha nikaona: ule moshi mweusi uliopinda, na chini yake boti pana, nzito, ikija kwa mwendo ambao sikuwahi kujua inao. Haikuwa na sementi. Ilielea juu sana. Papa Neema alikuwa amesimama, na Kazungu yupo mbele kabisa na kofia yake ya sufu, ameinua kifurushi cha bluu juu ya kichwa.

Sasa, kuna jambo ambalo lazima mlijue. Watu wa boti za plastiki hawadaki kamba za boti za mbao. Si uadui, ni desturi tu: ninyi mtafunga kuni zenu wenyewe. Kazungu alipoirusha kamba, aliirusha kuelekea kwangu. Innocent alinipita, akaidaka, akaivuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akaifunga kwenye nguzo ya Yawurute.

Kazungu alinishikisha kifurushi. "Hesabu," akasema.

"Kazungu, saa tatu sasa—"

"Hesabu!"

Nikahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu.

"Njo hivyo. Kimbia."

Innocent alikuwa amekwisha simamisha pikipiki. Niliingia uani saa tatu na dakika ishirini. Shangazi yule yule alikata kamba. Mushanana ulikuwa mkavu, umekunjwa kama fundi alivyoukunja, ila ulinuka vitunguu. Verena alitaka kuupuliza manukato, Solange akamkataza. Aliuleta puani, akasema bibi alikuwa akinuka vitunguu kila Jumamosi. Saa nne kamili alitoka nje, na wakwe hawakujua lolote.

Papa Neema alikuja baadaye, nikamwalika ale. Ndipo aliponieleza. Mwenye wavu alipofika Kibuye kuchukua mzigo wake hakuukuta, Kazungu akafungua sanduku na mkono wake ukakuta mafundo matatu. Papa Neema aliiacha sementi, akaipita Kirambo, wakapokezana usukani, injini ikikohoa, mpaka asubuhi.

"Na vitunguu vya kushusha Kirambo?" nikauliza.

"Biko ndani ya boti. Bitashuka tukirudi."

"Na sementi yako?"

"Sementi ikingoja inakuwa sementi," akasema, akijipakulia wali. "Bibi arusi akingoja anakuwa nini?"

Nje, kwenye lango, Innocent alikuwa akiwaambia vijana wa mahema habari nzima kwa sauti kubwa. Nilimsikia akimalizia: "Basi muone. Leo Kuni imeivisha." Papa Neema alisikia pia. Akaongeza nyama.

Kurudi

Jumapili nilirudi na Kuni, na wavu nimeukumbatia. Yawurute haikuwa na safari mpaka Jumatatu, na Papa Neema alisema kosa lirudi kwa mikono iliyolileta. Tulishusha vitunguu Kirambo, watu wakatusema sana, na walikuwa na haki.

Kibuye mwenye wavu alikuwa amekaa gatini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anaitwa Damaseni, mvuvi, mwenye Panzi moja na wavu wa zamani uliochanika katikati. Siku mbili hakwenda majini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa Kiswahili kizuri na kwa Kinyarwanda kizuri zaidi. Sikupata nafasi.

"We njo Fundo Mbili?" akauliza.

Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikasema ndiyo, ni mimi. Akaukunjua wavu kwenye gati, akaupitisha vidoleni taratibu, pande zote, kama fundi wa Nengo anavyopitisha pindo. Akapata kipande cha uzi wa dhahabu kilichotoka uani kwa Verena, akakitazama.

"Arusi ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

Akakiacha pale pale kwenye wavu. "Basi sambaza zitakuja zimevaa," akasema. Akauviringisha, akaniletea shitingi na kamba. "Funga. Leo naenda mbali kidogo, maji itaruka."

Nikauviringisha wavu, nikakaza kamba, nikafunga. Kazungu na Papa Neema walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa Kuni, wanatazama vidole vyangu bila kupepesa. Fundo la kwanza. Fundo la pili. Nikaishika ile ncha iliyobaki, nikawaangalia.

"Acha hapo hapo," akasema Papa Neema. "Huyu ni wa Kibuye."